Scheduling Priority kwa BOINC: Ile Namba Iko na Minus Inamaanisha Nini?

Kama umekulia Bumula, malaria hauhitaji kuelezewa. Umeshawahi kulala na ule mtetemeko wa kukunja magoti hadi kidevuni, ama umebeba mtoto wa jirani kwa boda usiku kuenda Bungoma. Sasa cheki hii: kuanzia 2006 hivi, wasee wa kawaida kutoka pande zote za dunia walikuwa wanaazimisha kompyuta zao kupiga hesabu za malaria ya Afrika. Mradi uliitwa MalariaControl.net, ulitengenezwa na taasisi ya tropiki ya Uswisi, chini ya mpango wa Africa@home ambao CERN walisaidia kuanzisha. Kompyuta hizo zilikuwa zinaigiza vile malaria inasambaa kwa watu, alafu zinapima: tukileta neti itakuwaje? Dawa je? Chanjo je? Mradi ulishafungwa. Lakini modeli yake, OpenMalaria, ni moja ya zile zilizotumika kukadiria faida ya chanjo ya RTS,S, ile watoto wa Kenya walianza kupewa Septemba 2019 kwa sehemu za kaunti nane za magharibi, Bungoma ikiwemo.

Programu iliyokuwa inaendesha hiyo kitu ni BOINC, ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na bado iko. Ni ya bure. Unaieka kwa kompyuta ama simu ya Android, unachagua miradi, na mashine ikikaa idle inachapa kazi ya sayansi. Hailipi. Inakupea pointi tu za kujigamba, kwa hivyo msee akikuitisha pesa ya "kujisajili BOINC" jua unachezwa.

Leo tunaongea kuhusu kitu kimoja tu ndani yake, kwa sababu ndicho kinachanganya watu hadi wanafuta programu. Inaitwa scheduling priority.

Kuiona, fungua BOINC Manager, ingia View, chagua Advanced View, kisha Projects. Gusa mradi mmoja, bonyeza Properties. Shuka chini hadi pahali pameandikwa "Scheduling priority". Utapata namba kama -0.42 ama -1.37. Hakuna maelezo. Hakuna rangi. Minus tu imekuangalia.

Mimi nilivyoiona mara ya kwanza nilikuwa kwa cyber moja hapa Bumula, nimeeka miradi tatu kwa desktop ya ex-UK. Mradi niliokuwa naupenda zaidi ulikuwa na minus kubwa kuliko yote. Nikafikiria mashine inaudharau. Nikabonyeza "Reset project". Manze, Reset inatupa taski zote za huo mradi zilizokuwa kwa mashine, hata ile imebaki kidogo iishe. Masaa mob ya stima ya mwenye cyber yakaenda hivyo tu, na hakuna kitu kilikuwa kimeharibika.

Hio namba haipimi umuhimu wa mradi. Inapima deni.

Fikiria posho mill ya soko. Familia tatu zimechanga dizeli: ya kwanza imetoa mia, ya pili mia, ya tatu hamsini. Jumla ni 250, so haki yao kwa mashine ni asilimia 40, 40 na 20. Sasa kama siku hizi za karibuni familia ya kwanza imesaga asilimia 60 ya unga wote, imepitisha haki yake. Ukigawa 60 kwa 40 unapata 1.5. BOINC inaeka minus mbele: -1.5. Ya pili imesaga 20 tu na haki yake ni 40, so ni -0.5. Ya tatu imesaga 20 na haki yake ni 20, so iko -1, wako sare na mashine. Nani anafuata kwa foleni? Yule ako karibu na sifuri, familia ya pili. Minus kubwa inamaanisha umeshakula, ngoja wengine.

Ile michango ya dizeli kwa BOINC inaitwa "resource share", na kila mradi huanza na 100 kama hujabadilisha. Na "siku hizi za karibuni" ina hesabu yake. BOINC inakumbuka kazi ya kila mradi, lakini kumbukumbu inafifia: kazi ya siku 10 zilizopita inahesabiwa nusu, ya siku 20 robo. Inaongeza na marekebisho kidogo kwa taski ziko kwa mashine saa hii, ndio maana namba inacheza cheza hata ukiwa umekaa tu unaiangalia.

Ukielewa hapo, vituko kadhaa vinaisha. Ukieka mradi mpya, hauna historia, so unaanza karibu na sifuri na unashika mashine yote siku za kwanza. Ile ya zamani haijakufa. Inangojea ile mpya ifikishe haki yake. Na kinyume: mradi unaweza kuwa na namba ya sifuri, wa kwanza kabisa kwa foleni, na usifanye chochote kwa sababu hauna kazi ya kupeana. SETI@home, ule wa kutafuta aliens ulioanza 1999, uliacha kutuma kazi mwisho wa Machi 2020. Ukiwa nao bado kwa listi yako unaweza kukaa mbele ya foleni milele, debe mkononi, mahindi hakuna.

Sasa kuna priority ya pili inayovuruga hii ya kwanza. Kila taski iko na dedilaini. Einstein@Home kwa kawaida inakupea kama siku 14, Rosetta@home kama tatu. BOINC ikipiga hesabu ione taski fulani itachelewa, inaruka foleni ya madeni na kuendesha ile ya dedilaini ya karibu kwanza. Matoleo ya zamani yalikuwa yanaandika "Running, high priority", na wasee wakaingiwa na wasiwasi kwamba kompyuta imetekwa. Haijatekwa. Mradi ulioruka foleni unalipa baadaye, minus yake inakua kubwa na unarudi nyuma.

Ya tatu haihusiani na hizo mbili lakini jina ni moja, na hapa ndio noma. Windows na Linux pia ziko na priority zao. Huko BOINC inajieka chini kabisa, so ukifungua Word ama ukianza kuedit video, inakuachia prosesa. "High priority" ya BOINC haimaanishi itashindana na kazi yako. Ni foleni ya ndani ya BOINC pekee.

Kwa maoni yangu, watengenezaji wangeeka hii kitu kwa maneno. Badala ya -1.37 ndani kabisa ya Properties, andika kando ya taski: "huu mradi umepata zaidi ya haki yake, zamu inayofuata ni ya ule mwingine." Mtu ananunua tokeni zake kusaidia utafiti. Ana haki ya kujua ni kwa nini mashine imechagua hii na ikaacha ile, bila kusomea hesabu.

Na tokeni ni kitu ya ukweli. Kompyuta ikila wati 100 zaidi kwa masaa 8 kila siku, kwa siku 30 hizo ni yuniti 24. Zidisha na bei yako ya yuniti kabla uanze. Kwa simu ni nafuu: kawaida BOINC ya Android inangoja simu iwe kwa chaji, betri ifike asilimia 90, na uwe kwa WiFi, so bando yako haiguswi.

Kwa sisi wa Bumula, Kimaeti, Khasoko, pahali stima inaweza kupotea jioni na irudi kesho, kuna setting inashinda kuhangaika na minus. Ingia Computing preferences, tafuta "Store at least" na "Store up to an additional". Kawaida ni siku 0.1 na 0.5. Usipandishe hadi siku tano juu ya tamaa. Ukijaza kapu alafu stima ipotee siku mbili, taski zote zinakaribia dedilaini pamoja, BOINC inaingia ile hali ya dharura, na mgawanyo wako wa haki unapotea kwa muda. Stima ikirudi, taski nyingi huendelea kutoka pahali zilihifadhiwa mwisho, si mwanzo.

Kama kweli unataka mradi mmoja upate zaidi, usiguse Reset. Resource share inabadilishwa kwa akaunti yako kwenye tovuti ya mradi wenyewe, si ndani ya Manager. Toa 100 eka 200, rudi kwa Manager ubonyeze Update. Alafu usiangalie ile namba kila saa. Ipe wiki mbili hivi, kwa sababu kumbukumbu ya zamani bado inafifia mos mos.

Na ukiwa mtu wa kuchimba, kwa Event Log options kuna kisanduku kimeandikwa "cpu_sched_debug". Washa uone BOINC ikijieleza kila inapochagua taski. Inaongea mob sana, so zima ukimaliza.