Namba 109 kwenye Landrova Inahesabu Nini? Historia Iliyojificha Chini ya Gari

Watu wengi Afrika Mashariki wanaitaja Landrova ya zamani kwa namba: 88, 109, 110. Umewahi kujiuliza hiyo 109 ni nini? Si nguvu za injini, wala si mwaka wa kutengenezwa. Ni inchi 109, kama mita 2.77, kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Yaani kila unapotaja jina la gari hilo, unataja ekseli zake bila kujua.

Basi leo tuiname kidogo, tuchungulie chini ya uvungu. Huku ndiko utakakoona wahandisi wa nyakati tofauti wakijibu swali moja: gari likikwama mbali na mji, nani atalitengeneza, na kwa zana gani?

Tuanze na Land Rover yenyewe. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep ya jeshi la Marekani shambani kwake, na mengi aliyachukua huko: ekseli ngumu, yaani bomba moja la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, likikaliwa na springi bapa. Unazijua hizi: vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwa yu-bolti. Hadi leo malori mengi yanazo.

Uzuri wa springi bapa ni kwamba inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inabeba uzito, na papo hapo inaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Zaidi ya hapo, vile vyuma vikisuguana vinapunguza kidogo mtikisiko, kwa hiyo shokapu inapata msaidizi. Chuma kimoja kikikatika, vilivyobaki vinaweza kukufikisha nyumbani taratibu, na fundi mwenye moto na nyundo anaweza kukupa mbadala.

Ubaya wake? Muulize aliyewahi kupanda 109 tupu kwenye barabara yenye matuta. Springi iliyopangwa kubeba mzigo mzito haipindi kwa mtu mmoja na begi lake. Gari linaruka, na gurudumu lililo hewani halisukumi chochote.

Kuna udhaifu mwingine: hafushafti, vile vyuma vinavyotoa nguvu kwenye difu kuipeleka kwenye magurudumu. Ukiwa gia namba moja kwenye mwendo wa chini, Land Rover ya miaka ya 1960 inazidisha msokoto wa injini karibu mara 40. Zidisho la mwisho, mara 4.7, linafanyika kwenye difu, kabla tu ya hafushafti. Ukiachia klachi kwa pupa gurudumu likiwa limebanwa na jiwe, mara unasikia "taa!" Hafushafti imekwenda.

Hapo ndipo utapenda walivyofikiri. Katika Series II ya 1958, uzito wa gari haukai juu ya hafushafti ya nyuma. Unakaa kwenye bomba la ekseli na beringi za habu. Kwa hiyo hafushafti ikikatika, gurudumu halichomoki. Unafungua bolti chache, unatoa vipande vilivyovunjika, unaingiza gia ya magurudumu manne, na magurudumu ya mbele yanakuvuta hadi mjini. Kinachoweza kuvunjika kimewekwa mahali ambapo hakitakuacha porini. Baadaye Series III ndefu ikapewa ekseli ya nyuma nzito zaidi, ya Salisbury.

Wajerumani walijibu vingine kabisa. Baada ya vita, Albert Friedrich alibuni Unimog, gari la shambani. Upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ulikuwa milimita 1,270, ili yapite sawasawa kwenye matuta ya viazi. Na viazi vina majani marefu, kwa hiyo tumbo la gari lazima liwe juu. Friedrich akaiinua ekseli juu ya kitovu cha gurudumu, kisha akaweka gia nyingine pale pale kwenye gurudumu kuishusha nguvu.

Angalia alichopata kwa hila hiyo moja. Difu ikapanda juu, mbali na mawe. Na kwa kuwa sehemu ya kuzidisha msokoto sasa inafanyika mwishoni kabisa, hafushafti inabeba msokoto mdogo zaidi. Bei yake ni gia, sili na oili kwenye kila gurudumu. Sili moja ikivuja ukachelewa kuiona, nyundo ya fundi haitakusaidia.

Mwaka 1970 ikaja Range Rover, ikiwa na ekseli ngumu zilezile lakini juu ya springi za kuzunguka, kama ile ya kalamu ya kubonyeza. Magurudumu yakawa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, yakaendelea kugusa ardhi pale ambapo 109 ingeinua mguu. Lakini springi ya kuzunguka inajua kubeba tu, haijui kushika. Ikabidi ziongezwe fito za kuishikilia ekseli, na kila ufito una bushi zake za mpira, ambazo zinachakaa. Tena springi laini inalala ukipakia mzigo, kwa hiyo nyuma kikawekwa kifaa maalumu cha kuinua gari lirudi usawa wake. Land Rover ya kazi ilisubiri hadi 1983, ilipotoka 110, kupata springi za aina hiyo.

Kwa hiyo springi bapa haikuwa ushamba. Ilikuwa hesabu: kutengenezeka popote kwa gharama ya raha kidogo.

Huniamini? Siku ukiona Land Cruiser ya kazi, pikapu ya 79 ya miaka hii, omba ruhusa uiname. Mbele, tangu 1999, utakuta springi za kuzunguka, kwa ajili ya dereva na usukani. Nyuma, panapokaa magunia na abiria, utakuta springi bapa, ndugu wa zile za 1948.