Madoa ya mzee fundi cherehani: Kaposi ilikuwepo kabla ya Ukimwi

Najua nimewatupa kidogo, lakini kazi za chumba cha habari hazimwachi mtu apumue. Leo nimerudi na deni la zamani. Nalidaiwa na marehemu.

Nilipokuwa darasa la nne, mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani. Mguu wake wa kushoto, toka kwenye kifundo hadi karibu na goti, ulikuwa umejaa madoa na vinundu vyeusi vyenye wekundu ndani yake, rangi ile ile ya zambarau zilizoiva. Watu hawakuuliza, walishaamua. "Mzee kakanyaga waya," walinong'ona. Wateja wakahamia kwa fundi mwingine, na sisi watoto tukakatazwa kunywa maji nyumbani kwake.

Ajabu ni kwamba mzee hakukonda, na aliishi miaka na miaka. Mwaka jana binti yake alinionyesha karatasi za hospitali. Walimkata kinyama kidogo wakakipima, na jibu lilikuwa saratani ya Kaposi. Kipimo cha VVU alifanyiwa zaidi ya mara moja, na kila mara majibu yalikuwa hana. Aliwaambia watu. Nani angemwamini?

Nikajiuliza: mbona tumezoea kwamba Kaposi na Ukimwi ni ndugu wa damu? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Jina linatoka Vienna. Mwaka 1872 daktari wa ngozi Moritz Kaposi aliandika habari za wagonjwa watano waliokuwa na vinundu kama vile. Aliiita saratani ya rangi ya ngozi, kwa sababu rangi ndiyo iliyomvutia macho. Kwa miaka mingi Ulaya iliuona kuwa ni ugonjwa wa nadra wa wazee wa kiume, hasa wa pande za Mediterania na Ulaya ya mashariki.

Huku kwetu haukuwa nadra hata kidogo. Miaka ya 1950 madaktari wa Mulago na Makerere, jijini Kampala, walikuwa wanauona mara kwa mara: wanaume wengi kuliko wanawake, vinundu miguuni, ugonjwa unaotambaa polepole kwa miaka. Waliuona hata kwa watoto, ila kwao ulishambulia tezi na uliua haraka. Mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikusanyika Makerere kwa mkutano mzima juu ya saratani hii moja. Ndiyo, ndugu msomaji, 1961, miaka 20 kabla dunia haijasikia habari za Ukimwi!

Na Tanzania je? Mwaka 1969 jarida la saratani la Uingereza lilichapisha ripoti ya wagonjwa 117 wa Kaposi kutoka Tanzania Bara. Mwaka 1967 kilianzishwa pale Mulago kituo cha matibabu kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na miaka miwili baadaye kikafunguliwa kitengo kilichojaribu dawa za Kaposi kwa utaratibu wa kisayansi. Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny alishika usukani na kazi ikaendelea. Wagonjwa wengi wa aina ile ya miguuni vinundu vilinywea kwa dawa.

Sasa ugonjwa wenyewe ni nini? Ndani ya kila mshipa wa damu kuna tabaka moja jembamba la seli, kama vigae vilivyopangwa ndani ya bomba. Seli hizo huitwa za endotheliamu. Ukijikata, ndizo zinazogawanyika na kusogea ili kujenga mishipa mipya, kisha zinatulia. Katika Kaposi hazitulii. Zinarefuka kama msumari uliochongoka pande zote mbili, zinajenga vijia hovyo hovyo visivyo na kuta imara, na damu inavuja humo. Damu iliyovuja ndiyo inayotoa ile rangi. Kumbe kilichomvutia Kaposi kilikuwa damu iliyopotea njia.

Tukaja miaka ya 1980. Tarehe 3 Julai 1981 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza wagonjwa 26 wa Kaposi huko New York na California, wote wanaume mashoga. Huo ndio ukawa mlango wa Ukimwi machoni pa dunia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa Kagera, na mwaka huo huo daktari wa upasuaji Anne Bayley, pale Lusaka, aliona jambo lililomshtua. Kaposi aliyoizoea, ile ya polepole, ilikuwa imepata mwenzake mkali: vijana, madoa mwili mzima, tezi, mapafu, na kifo cha haraka. Aliweza kushtuka kwa sababu aliijua ile ya zamani. Asiyejua ya jana angedhani yote ni mapya.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika vichwani mwetu. Doa likawa hukumu. Ukiwa nalo, kesi imekwisha.

Lakini wanasayansi walikuwa na swali. Kule Marekani, wanaume mashoga wenye VVU walipata Kaposi mara nyingi sana, ila wale walioambukizwa VVU kwa dawa za kugandisha damu waliipata kwa nadra. Kama VVU peke yake ndiyo chanzo, tofauti hiyo inatoka wapi? Lazima kuna mdudu wa pili. Mwaka 1994 mume na mke, Patrick Moore na Yuan Chang wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakamkamata: kirusi cha jamii ya herpesi, ambacho leo kinaitwa HHV-8.

Kirusi hiki huingia kwenye zile seli za endotheliamu na kuziamrisha. Huzifanya zimwage kemikali zinazoita mishipa mipya ikue, na mwaka 2004 ikaonekana kwamba huzibadilisha hata tabia, seli ya mshipa wa damu ikaanza kufanana na ya mshipa wa limfu. Mwaka 2008 watafiti walikikuta kirusi hicho ndani ya seli changa za kujenga mishipa zinazozunguka kwenye damu ya wagonjwa ambao hawakuwa na VVU.

Na hapa ndipo pananiuma. Kirusi hiki hupita zaidi kwa mate, na huku kwetu wengi hukipata utotoni, majumbani mwao. Vipimo kadhaa vya Uganda vimekikuta kwa zaidi ya watu wazima 4 kati ya 10. Wengi wao hawaugui maisha yao yote. VVU inaposhusha kinga ya mwili, kirusi hupata upenyo, lakini kwa wachache hupenya hata bila VVU. Maana yake nini? Kati ya waliomkimbia yule mzee, bila shaka wamo waliokuwa nacho mwilini kama yeye. Tofauti ni kwamba chake kilitokea mguuni, mahali pa kuonekana.

Dawa za ARV zimepunguza sana Kaposi kali. Mwaka 2020 utafiti uliofanyika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa waliozidiwa, ARV pamoja na dawa ya saratani iitwayo paklitakseli ilishinda michanganyiko mingine iliyojaribiwa. Lakini dawa humfikia anayekwenda hospitali, na anayeogopa macho ya mtaa hujifunika suruali ndefu mpaka mapafu yashikwe. Kwa hiyo doa usilolielewa likapimwe, na VVU ipimwe pia. Jibu litoke maabara, lisitoke kibarazani kwa jirani.

Mzee alifariki nikiwa chuoni. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona yeye, kabla ya minong'ono kuanza. Ya pili mama alipeleka kwa fundi mwingine, nami nilijua sababu, nikanyamaza.

Leo sijanyamaza. Kama nawe unamkumbuka mtu wa namna hii mtaani kwenu, niandikie. Tuonane tena karibuni.