Chipukizi wa kilo 160: Je, anaweza kucheza mlinzi wa kushoto katika futiboli ya Marekani?

Kila mwaka mwezi Aprili, timu 32 za ligi ya NFL nchini Marekani huchagua vijana wapya, wengi wao kutoka vyuo vikuu. Mara nyingi miongoni mwao huwamo kijana mkubwa kupita kiasi, mwenye kilo 155, 160 au zaidi, anayewagawa makocha na mashabiki. Wapo wanaosema awekwe mlinzi wa kushoto. Wengine husema ni mzito mno, wenye mbio watamwaibisha.

Jibu la mkato ni kwamba anaweza, na wapo waliocheza hapo mpaka wakabeba kombe. Lakini uzito peke yake haumpi mtu nafasi hiyo, wala haumnyimi. Kinachoamua ni miguu, mikono, pumzi na magoti. Tena wengi waliofaulu hawakuanzia hapo mwaka wa kwanza.

Huu ni mchezo gani?

Msikilizaji, futiboli ya Marekani si kandanda tulilozoea. Inakaribiana zaidi na raga: mpira una ncha mbili, hushikwa kwa mikono, na kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 hivi. Anayeiongoza huitwa kwotabeki. Hupokea mpira, hurudi nyuma hatua chache, humtafuta mwenzake aliye wazi, kisha hurusha.

Mbele yake husimama watu watano wakubwa ambao ni nadra kuugusa mpira baada ya mchezo kuanza. Kazi yao ni kuwa ukuta. Yupo wa katikati, walinzi wawili wa ndani na walinzi wawili wa pembeni. Yule wa pembeni kushoto ndiye tunayemzungumzia leo. Tutamwita mlinzi wa kushoto.

Kwa nini upande wa kushoto ni mzito?

Makwotabeki wengi hurusha kwa mkono wa kulia. Anapojiandaa kurusha, uso huelekea kulia na mgongo hubaki upande wa kushoto. Mpinzani anayetokea huko hamwoni. Ndiyo maana timu humweka hapo mtu inayemwamini kuliko wote, na humlipa vizuri. Kwotabeki akiwa wa mkono wa kushoto, hatari huhamia upande wa kulia.

Hatari hii si ya maneno tu. Tarehe 18 Novemba 1985, kwotabeki wa timu ya Washington, Joe Theismann, aliangushwa na Lawrence Taylor wa New York Giants na kuvunjika mguu, mamilioni wakitazama kwenye televisheni. Hakucheza tena mpaka leo.

Uzito unasaidia nini, na unaharibu nini?

Fikiria mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50, kisha ongeza kilo 10. Huo ndio mwili wa kilo 160. Mpinzani akija moja kwa moja kifuani ili amsukume mlinzi arudi nyuma hadi kwa kwotabeki, mwili huo ni mali. Ni vigumu kuusogeza.

Tatizo ni kwamba wapinzani wa pembeni hawalazimiki kuja moja kwa moja. Wengi huzunguka kwa nje kwa kasi. Myles Garrett, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2017, alikuwa na kilo 123 na alikimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kwa sekunde 4.64. Mlinzi hutakiwa kumzuia mtu wa namna hiyo huku yeye mwenyewe akirudi kinyumenyume na kwa upande, bila kuvuka miguu na bila kuinama. Ni kama lori lililojaa mchanga linalotakiwa kukata kona sambamba na pikipiki.

Akichelewa hatua moja, hubaki na njia mbili. Amwachie mpinzani apite, kwotabeki aumie, au amshike kinyume cha sheria, timu irudishwe nyuma yadi 10.

Hapo ndipo mikono mirefu inapookoa. Walinzi wengi wazuri wa nafasi hii wana mikono ya karibu sentimita 85 au zaidi. Mwenye mkono mrefu humgusa mpinzani mapema, akamsukuma nje ya njia hata kama miguu yake si myepesi sana.

Wanne waliopita njia hiyo

Jonathan Ogden alichaguliwa na Baltimore Ravens mwaka 1996, akiwa na urefu wa mita 2.06 na karibu kilo 156. Pamoja na kipaji chake chote, mwaka wa kwanza alichezeshwa mlinzi wa ndani kushoto, ambako kuna wenzake pande zote mbili na eneo la kulinda ni dogo. Mwaka 1997 akahamishiwa pembeni. Alishinda Super Bowl ya msimu wa 2000, na mwaka 2013 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo.

Orlando Brown mdogo alidharauliwa waziwazi. Katika majaribio ya mwaka 2018, akiwa na kilo 156, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.85, muda mbaya hata kwa mtu wa ukubwa wake. Ravens walimchukua raundi ya tatu, wakamweka upande wa kulia. Mwaka 2020 mlinzi wa kushoto wa timu hiyo alipoumia, Brown akahamia huko na kuonyesha kwamba anaweza. Februari 2023 ndiye aliyekuwa mlinzi wa kushoto wa Kansas City Chiefs walipoishinda Philadelphia Eagles 38 kwa 35 katika Super Bowl. Eagles walikuwa wamewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Siku hiyo hawakumwangusha Patrick Mahomes hata mara moja.

Upande wa pili wa mchezo huohuo, mlinzi wa kushoto wa Eagles alikuwa mzito mwingine: Jordan Mailata wa Australia, mwenye urefu wa mita 2.03 na karibu kilo 157 alipochaguliwa. Alitoka kwenye raga. Mwaka 2018, Eagles walipomchukua raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani. Misimu miwili hakucheza mechi yoyote ya ligi. Alifundishwa miguu, mikono na jinsi ya kusimama. Mwaka 2020 akapewa nafasi, na Februari 2025 akabeba kombe.

Wa nne ndiye wa kumtafakari zaidi. Mekhi Becton alikuwa na kilo 165 mwaka 2020, lakini alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.10, jambo lililowashangaza wengi. New York Jets walimchagua wa 11 na kumweka mlinzi wa kushoto tangu mechi ya kwanza. Mwaka huo alicheza vizuri. Kisha goti likaumia katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2021, likaumia tena mazoezini mwaka 2022, na karibu misimu miwili ikapotea. Alirejea, na mwaka 2024 Eagles wakamgeuza kuwa mlinzi wa ndani kulia. Akapata kombe akiwa timu moja na Mailata.

Hatuwezi kusema uzito pekee ndio uliomuumiza, kwa sababu hata wepesi huumia magoti. Lakini mwili mkubwa hauyapumzishi magoti, na kila hatua ya kurudi nyuma huyadai.

Basi jibu ni lipi?

Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Mwili mkubwa si ushahidi wa kuweza, wala si ushahidi wa kushindwa. Becton anaonyesha kwamba chipukizi mzito anaweza kuanza kushoto mwaka wa kwanza. Ogden, Brown na Mailata wanaonyesha kwamba kuanzia ndani, kulia au hata benchi si kudharauliwa. Kwa mwili wa namna hiyo, huenda ndiyo njia salama zaidi ya kufika.

Ukibahatika kuitazama mechi kwenye simu, usiufuate mpira. Mtazame mlinzi wa kushoto, hasa katika robo ya nne, wenzake wakiwa wamechoka. Ukiona miguu yake bado inateleza kwa upande, mgongo umenyooka na mikono inafika kwanza, jua huyo anaiweza kazi, hata awe na kilo ngapi. Ukiona anainama na kumkumbatia mpinzani, jua kocha atamtafutia nafasi nyingine.