Gesi ya Tanzania: Itokako na Iendako

Mtu akiuliza gesi ya nchi hutoka wapi, jibu jepesi ni kumtajia kisima. Gesi ya Tanzania hutoka Songo Songo, kisiwa kidogo cha wilaya ya Kilwa, na Ghuba ya Mnazi iliyo mkoani Mtwara, karibu na mpaka wa Msumbiji. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Makaa ya mawe huweza kupakiwa katika gari, na mafuta huweza kutiwa katika pipa yakamngoja mnunuzi. Gesi haina subira hiyo. Pasipo bomba la kuipitisha, hubaki chini ya mawe kama fedha iliyozikwa na mtu aliyesahau mahali. Kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kujua historia ya gesi ya nchi hana budi kuzitazama njia zake zaidi ya visima vyake.

Utafutaji katika pwani hii ulianza mwaka 1952, kampuni za BP na Shell zilipopewa ruhusa ya kupima ardhi na visiwa. Zilitafuta mafuta, hazikuyapata, zikaondoka mwaka 1964. Mwaka 1969 serikali iliunda Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, na mwaka 1974 kampuni ya Agip ya Italia ikachimba Songo Songo, ikakuta gesi. Wakati huo bei ya mafuta ulimwenguni ilikuwa imepanda kiasi cha mara nne tangu vita vya Oktoba 1973, na Tanzania ilikuwa ikiyanunua yote kwa fedha za kigeni. Ingedhaniwa kwamba habari ile ingepokewa kwa vigelegele. Lakini Agip ilitaka mafuta, nayo iliona gesi ile haina faida ya biashara, ikaiacha. Mwaka 1982 kampuni hiyo hiyo ilikuta gesi katika Ghuba ya Mnazi, na mambo yakawa yale yale.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa wajenzi walikuwapo: TPDC ilichimba visima vingine Songo Songo kuhakikisha kiasi kilichopo, na katika miaka ya 1980 palikuwa na shauri la kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa. Kilichokosekana kilikuwa mtaji wa njia, na mnunuzi wa kukaa mwisho wa njia hiyo. Kiwanda hakikujengwa. Umeme nao ulitoka katika mito, kwa mabwawa kama Kidatu na Mtera, na mito ilidhaniwa kuwa yatosha. Ukame wa miaka ya 1990 ulipoleta mgawo wa umeme, dhana hiyo ilivunjika.

Mkataba wa kuijenga njia ulitiwa sahihi mwaka 2001, na mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikafika Dar es Salaam, miaka 30 baada ya kugunduliwa. Bomba lilipita kilomita 25 chini ya bahari, na kilomita 207 katika nchi kavu, likakoma Ubungo penye mitambo ya umeme, na tawi lake likaenda kiwanda cha saruji cha Wazo. Ukame uliporudi mwaka 2006 na mabwawa yakapungua maji, thamani ya bomba hilo ilionekana wazi.

Njia ya pili haikupita kwa amani. Gesi ya Ghuba ya Mnazi ilikuwa imekwisha kuanza kuendesha mitambo midogo ya umeme mjini Mtwara, serikali ilipoanza, mwaka 2012, kazi ya bomba kubwa la kuipeleka Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa China. Watu wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki. Mwezi wa Januari na Mei 2013 ghasia zilizuka, majengo yakachomwa moto, na watu wakapoteza maisha.

Ili kuielewa hasira ile, yafaa kukumbuka kwamba Kusini iliwahi kujengewa njia. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 uliletea nchi ile bandari ya Mtwara, na reli ya kuunganisha Nachingwea na pwani. Karanga hazikustawi, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Bandari ilibaki, lakini matumaini mengi yaliondoka pamoja na reli. Serikali ilisema kwamba mali ya nchi ni ya wote, na kwamba umeme hauna budi kufuatwa na gesi pale watumiaji walipo wengi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Watu wa Mtwara walijibu kwamba watumiaji hawatakuwapo Kusini daima, ikiwa kila njia inaanzia kwao na kukomea kwa wengine. Hoja hii pia haikuwa dhaifu.

Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Gesi husafishwa Madimba, mkoani Mtwara, na huwasha mitambo ya Kinyerezi. Kwa miaka kadhaa, hata bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kutoa umeme mwaka 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi.

Tangu mwaka 2010 imegunduliwa gesi nyingine katika kina kirefu cha bahari, na hesabu ya gesi yote ya nchi ikafikia kiasi cha futi za ujazo trilioni 57. Iliyo nyingi imo humo baharini. Shauri lililopo ni kuipoza huko Lindi mpaka iwe maji, kisha ipakiwe melini. Basi njia ya tatu itaanzia tena Kusini, na safari hii itakomea ng'ambo ya bahari. Wapimaji wamekwisha kusema gesi iko wapi na ni kiasi gani. Swali lililobaki ni la raia na viongozi wao: watu wakaao mwanzo wa njia watabakiziwa nini meli zitakapong'oa nanga? Mwaka 2013 swali hilo liliulizwa barabarani, kwa sababu halikuulizwa mapema mezani.