Sakafu ya Jikoni Ugogoni

Mwaka jana mpwa wangu, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake, alinipigia simu usiku akiwa na swali ambalo sikulitarajia. "Shikamoo mjomba. Makabati ya jikoni yameshafungwa, yote mninga. Sasa fundi ananiuliza sakafu. Niweke ipi ipatane na mbao?" Nilicheka kwanza. Mimi ni mtu wa maneno. Kazi yangu ni kuyapima yakiwa katika ulimi mmoja na kuyapima tena yakishavukishwa kwenye mwingine. Lakini alikuwa ameuliza kwa dhati, na fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kununulia sakafu moja tu, si mbili. Nikamwomba siku tatu.

Nilianza na neno lenyewe, maana ndiko nilikozoea kuanzia. Sakafu tumeipata kwa Waarabu, na kwao neno hilo ni paa. Sisi wa visiwani hatukukosea kulipokea tulivyolipokea. Katika nyumba zetu za mawe kitu hicho kimoja kilikuwa paa la aliye chini na sakafu ya aliye juu: boriti za mikoko zilizolazwa ukuta hadi ukuta, mawe juu yake, kisha chokaa iliyopigiliwa kwa fito siku baada ya siku, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Urefu wa boriti ndio uliotoa upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya majumba yale ni virefu na vyembamba. Mti na sakafu vilijuana kwa uzito. Kama vilipatana kwa rangi au la, hakuna aliyeuliza.

Jambo lililonishangaza ni kuikuta hesabu hiyo hiyo bara, katika uwanda mkavu ambao chokaa ya bahari haikuufikia. Richard Burton alipokatiza Ugogo mwaka 1857, na misafara ya pembe ikiwa imeshaizoea njia hiyo kabla yake, nyumba ya nchi ilikuwa tembe: kuta za miti iliyokandikwa udongo, vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua wa ng'ombe, na paa lililo bapa. Juu ya nguzo na mapau kulilazwa fito na nyasi, kisha udongo ukashindiliwa. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, Disemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Paa la udongo liliweza kuihimili, na upepo wa kiangazi haukuwa na la kulifanya. Kwa hiyo mwenye tembe alikuwa na ardhi chini ya miguu na ardhi juu ya kichwa, na baina ya hizo mbili palikuwa na mti tu. Nadhani neno letu sakafu, kwa maana zake zote mbili, lingekaa vizuri humo kuliko hata Mji Mkongwe.

Ndani ya tembe kila mke alikuwa na nyumba yake, na jiko la mafiga matatu likiwa humo. Sakafu ilikuwa kazi ya mikono yake. Udongo ulishindiliwa, ukanyunyiziwa maji, ukasiribwa kwa samadi mbichi ya ng'ombe, ukasuguliwa kwa kiganja hadi vumbi likalala. Kazi hiyo haikuwa na mwisho: sakafu ilipopasuka ilisiribwa upya, na aliyeipuuza alionekana. Mbao za jikoni hazikuwa makabati. Zilikuwa nguzo zilizopakwa weusi na moshi, kinu na mchi, na kuni.

Na katika nyufa za sakafu hiyo aliishi papasi. Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa wapo waandishi wanaolisifu tembe kama kwamba halikuwa na mgonjwa ndani yake. Papasi ni kupe asiyeganda mwilini. Mchana hujificha katika udongo mkavu, usiku hutoka, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi ufani. Huweza kukaa muda mrefu mno bila ya kula. Homa anayoileta hupanda, hushuka, mgonjwa akadhani amepona, kisha hupanda tena. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, akiwa katika koloni la nchi yake huku Afrika Mashariki, alionyesha kuwa vimelea hivyo hupita hata katika mayai, yaani papasi mama huwarithisha wanawe. Ilimaanisha kuwa kumhamisha mgonjwa hakuisafishi nyumba. Miaka ya 1990, karibu karne nzima baadaye, watafiti wa hospitali ya Mvumi, katika Wilaya ya Chamwino ya leo, walikuwa bado wanaandika habari za homa hiyo kwa wajawazito waliopoteza mimba na kwa watoto wachanga. Waliolala na kuketi chini ndio walioumwa zaidi, na anayeketi chini jikoni, ndugu msomaji, tunamjua.

Mabadiliko yalikuja kwa amri. Baada ya ukame, Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha watu kwenye vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Tembe lilihesabiwa kuwa alama ya unyonge; nyumba bora ilikuwa ya matofali na bati. Siibezi nia hiyo. Ila naona kuwa mageuzi yalianzia juu na kuchelewa kushuka: bati likafika, na chini yake katika nyumba nyingi sakafu ikabaki udongo ule ule, kwa kuwa sementi ilitaka fedha taslimu. Bati huonekana kutoka barabarani. Sakafu ya jiko huonwa na aliyepiga magoti, na huyo sidhani kama aliulizwa lipi litangulie.

Mwaka 1973 Dodoma ikateuliwa kuwa makao makuu. Nyumba za watumishi zikaja na sakafu ya sementi iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, sakafu ninayoipenda hadi leo. Kisha, serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli mwaka 2016, na Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba mwaka 2019, si mbali na Ihumwa alikozaliwa mshairi Mathias Mnyampala, mji ukajaa vigae. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze vinavitoa kwa wingi, na watu wanaviita marumaru, ingawa marumaru ya kweli ni jiwe lichimbwalo na hiki ni udongo uliochomwa. Neno limeinuka cheo. Kitu kimebaki udongo.

Siku ya tatu nikampigia mpwa wangu. Nikamwambia kwamba mninga utokao kwenye misitu ya miombo ya upande wa Tabora hautulii kwa rangi moja: ukiwa mpya una udhahabu, ukikaa huiva kuelekea wekundu. Sakafu nyekundu chini yake itaunyima sura. Na kigae kinachoiga mbao kitaonekana kikijishindanisha na mbao halisi. Nyeupe inayometa itamtumikisha, kwa kuwa vumbi la Dodoma ni jekundu, na maji ya visima vya Makutupora yana chumvi inayoacha madoa yakikauka. Achague kijivu chepesi au rangi ya mchanga, chenye uso usiong'aa, ili anayepita na sufuria ya maji ya moto asiteleze. Viungo vijazwe barabara, pasibaki ufa. La mwisho nilimtaka amwulize mama mkwe wake, Mgogo wa Mvumi, ambaye ndiye hasa atakayepika humo.

Alichagua kijivu. Mama mkwe alipofika, fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake. "Mbukwenyi," akaamkia, akavua kandambili mlangoni, akaomba maji katika kata. Hakuyanywa. Aliyamwaga katikati ya jiko, akasimama kuyatazama. Yalikwenda polepole, si mlangoni, bali chini ya makabati ya mninga.

Fundi alivitoa tena vifaa vyake mfukoni.