Nafasi ya mgonjwa katika uendeshaji wa zahanati

ZAHANATI ndiyo mlango wa kwanza ambao Wakenya wengi hubisha wanapougua. Ni hapo ambapo mtoto huchanjwa, mama mjamzito hupimwa, na mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu huchukua dawa zake.

Hata hivyo, wengi wanaopiga foleni katika vituo hivyo hawafahamu kwamba sheria haiwatambui kama wapokeaji wa huduma pekee. Inawapa pia haki ya kuarifiwa, kulalamika na kushiriki katika maamuzi kuhusu uendeshaji wa vituo hivyo.

Kutofahamu huko kuna gharama. Mgonjwa ambaye hakuarifiwa kwamba siku ya kliniki imebadilishwa hutumia nauli yake ya mwisho kufika katika lango lililofungwa. Anayetibiwa kifua kikuu akikosa dawa kwa majuma kadhaa, maradhi hayo huweza kuwa sugu na kuambukiza jamaa zake. Nayo kamati isiyoulizwa maswali huweza kutumia fedha za umma bila ya wenyewe kujua zilikokwenda.

Ngazi za huduma

Mfumo wa afya humu nchini umegawanywa katika ngazi 6. Ngazi ya 1 ni jamii yenyewe, ambako wahudumu wa afya ya jamii huzuru familia nyumbani. Ngazi ya 2 ni zahanati na ya 3 ni vituo vya afya. Ngazi za 4 na 5 ni hospitali za kaunti, ilhali ngazi ya 6 ni hospitali za kitaifa za rufaa kama vile ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, zahanati na vituo vya afya vya umma ni jukumu la serikali za kaunti. Serikali ya kitaifa ilibakia na sera ya afya na hospitali za kitaifa za rufaa. Kwa hivyo, mwananchi anayelalamikia ukosefu wa dawa katika zahanati ya kijijini anapaswa kuanza na kaunti yake wala si Wizara ya Afya jijini Nairobi.

Chimbuko la ushirikishaji

Wazo la kumshirikisha mwananchi katika huduma za afya lilipata nguvu mwaka wa 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata, katika iliyokuwa Muungano wa Kisovieti. Azimio la mkutano huo lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya.

Mnamo 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Bamako, nchini Mali, waliunga mkono mpango wa jamii kuchangia gharama za dawa na kusimamia fedha zilizopatikana.

Kenya ilianza kutoza wagonjwa ada katika vituo vya serikali mnamo 1989. Mwaka wa 2004 ada hizo zilipunguzwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Mgonjwa alipata nafuu, lakini vituo vikapoteza sehemu ya pesa zilizotumiwa kulipa mishahara ya vibarua, kununua sabuni na kulipia maji.

Ili kuziba pengo hilo, mpango wa kupeleka fedha moja kwa moja hadi katika akaunti za zahanati na vituo vya afya ulianzishwa kwa majaribio katika uliokuwa Mkoa wa Pwani mwaka wa 2005. Kamati za wakazi ndizo zilizopewa jukumu la kuamua matumizi. Kutokana na tajriba hiyo, Hazina ya Huduma za Sekta ya Afya ilianza kutoa fedha kwa vituo kote nchini kuanzia 2010. Ada za zahanati na vituo vya afya zilifutiliwa mbali mnamo Juni 2013.

Kamati ya usimamizi

Kiungo kikuu kati ya mgonjwa na zahanati ni kamati ya usimamizi wa kituo. Wanachama wake wengi ni wakazi wa eneo linalohudumiwa. Kwa kawaida, mwenyekiti huwa mkazi naye afisa anayesimamia kituo huwa katibu.

Kamati hutarajiwa kuidhinisha mpango wa kazi wa kila mwaka, kugawa fedha zilizopo kulingana na mpango huo, kulinda mali ya kituo, na kufikisha maoni ya wananchi kwa wahudumu. Katika vituo vingi, mwanakamati huwapo pia dawa zinapopokelewa kutoka kwa Mamlaka ya Usambazaji wa Dawa na Vifaa vya Matibabu (KEMSA), ili ashuhudie kwamba kilichoandikwa katika stakabadhi ndicho kilichomo katika makasha.

Kamati hizi zimekuwa na udhaifu wake. Watafiti waliochunguza mpango wa Pwani walibaini kwamba nyingi zilikutana na kufanya kazi, na kwamba fedha zile ziliboresha huduma. Lakini wagonjwa wengi waliohojiwa hawakujua kamati ilikuwa na kazi gani. Kamati isiyojulikana na waliyoichagua haiwezi kusemekana kuwa inawawakilisha.

Jambo la pili ni elimu. Mwanakamati asiyefahamu kusoma hesabu hubakia kutia sahihi karatasi anazoletewa na katibu. Mafunzo kwa wanakamati, kwa hivyo, ni sharti la ushirikishaji wa kweli.

Fedha na sheria mpya

Ugatuzi ulipoanza 2013, vituo vingi vilitakiwa kuwasilisha mapato yao katika hazina kuu ya kaunti. Wasimamizi wakalazimika kungoja fedha kwa miezi, hata za kununulia glavu na dawa ya kusafishia sakafu.

Hali hiyo ilikusudiwa kurekebishwa kupitia Sheria ya Ufadhili wa Kuboresha Vituo vya Afya ya 2023. Sheria hiyo inaviruhusu vituo vya umma kubakia na mapato yao na kuyatumia papo hapo. Aidha, inaeleza kwamba mapato hayo ni nyongeza ya bajeti inayotengwa na kaunti. Kaunti haipaswi kupunguza mgao wake kwa kisingizio kwamba kituo kinajikimu.

Mabadiliko hayo yameongeza uzito wa kamati. Pesa zinapobakia kituoni, maswali kuhusu matumizi yake nayo yanapaswa kuulizwa kituoni.

Ubao wa matangazo

Baada ya serikali kuanzisha mikataba ya utendakazi mwaka wa 2004, ofisi za umma zilianza kubandika mikataba ya huduma kwenye kuta zao. Mkataba wa zahanati kwa kawaida huwa na safu 4: huduma inayotolewa, anachotakiwa kuwa nacho mgonjwa, gharama, na muda wa kungoja.

Mgonjwa anayesoma mkataba huo hawezi kutozwa kwa urahisi ada ambayo haipo. Akiambiwa alipe kwa huduma iliyoandikwa kuwa ni ya bure, ana haki ya kuomba stakabadhi na kuuliza pesa zinakwenda wapi.

Wakati wa Hazina ya Huduma za Sekta ya Afya, vituo vilihitajika pia kuandika mapato na matumizi kwenye ubao ulio wazi kwa kila mtu. Desturi hiyo ni njema na inafaa kudumishwa, kwani mwizi hapendi mwangaza.

Hata hivyo, taarifa iliyobandikwa kwa lugha isiyoeleweka haimfai mgonjwa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kuhusu hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoifahamu, kadiri inavyowezekana. Kituo chenye busara hufuata kanuni iyo hiyo kinapotoa matangazo, kikitumia Kiswahili au lugha ya eneo, na kuwasomea wasiojua kusoma.

Huduma zinapobadilika

Thamani ya kumpa mgonjwa habari mapema hudhihirika zaidi huduma zinapovurugika. Madaktari wa umma waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mgomo wa wauguzi uliofuata ulianza Juni 2017 na kudumu kwa takriban miezi 5. Kwa kuwa zahanati nyingi huendeshwa na wauguzi, mgomo huu wa pili ndio ulioumiza zaidi vijijini, ambako chanjo na kliniki za wajawazito zilikwama. Madaktari waligoma tena kuanzia Machi hadi Mei 2024.

Katika nyakati kama hizo, mgonjwa wa maradhi sugu anahitaji kujua mambo 3: kituo kipi jirani kingali wazi, atapataje dawa za kumtosha hadi huduma zirejee, na nani wa kumpigia simu hali ikizorota. Kamati na wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kusambaza habari hizo hata pale ambapo hakuna anayefungua lango la zahanati.

Mfano mwingine ni mageuzi ya bima. Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF). Chini ya mpango huo, matibabu katika ngazi za 2 na 3 hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi inayofadhiliwa na serikali, na mgonjwa anatakiwa awe amejisajili. Asiyeelezwa tofauti kati ya kujisajili na kulipa mchango huweza kukaa nyumbani na ugonjwa wake akidhani hana haki ya kutibiwa katika zahanati.

Wahudumu wa nyumba kwa nyumba

Wahudumu wa afya ya jamii ni daraja jingine. Mkakati wa 2006 uliweka msingi wa vitengo vya afya vya jamii, na mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua awamu mpya ya wahudumu zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa na simu za kunakili takwimu. Kila mmoja hukusudiwa kuhudumia familia zipatazo 100.

Mkakati huo uliweka pia siku za mazungumzo, ambapo wakazi na wahudumu hukutana kila baada ya miezi 3 kutazama takwimu za eneo lao: watoto wangapi hawajachanjwa, akina mama wangapi walijifungulia nyumbani, na vyoo vingapi vinahitajika. Hapo ndipo mwananchi anapoweza kuuliza bila kungoja augue.

Njia za kulalamika

Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa, na malalamishi hayo kuchunguzwa. Utaratibu wa kulalamika unapaswa kuonyeshwa mahali ambapo kila anayeingia kituoni anaweza kuuona.

Hatua ya kwanza ni kumwona msimamizi wa kituo. Asiporidhika, mgonjwa anaweza kuandikia kamati, kisha idara ya afya ya kaunti. Malalamishi kuhusu mienendo ya kitaaluma hupelekwa kwa mabaraza husika, kama vile Baraza la Madaktari na lile la Wauguzi. Yanayohusu utepetevu wa maafisa wa umma yanaweza kuwasilishwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Anayetaka stakabadhi, mathalan ripoti ya matumizi ya fedha, anaweza kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi, na saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ingawa mwombaji huweza kutakiwa kugharamia nakala.

Katika dharura, hakuna nafasi ya barua. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Taasisi ya matibabu inayokataa kuyatoa ilhali ina uwezo huweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni.

Wajibu wa mgonjwa

Haki huandamana na wajibu. Sheria iyo hiyo inamtaka mgonjwa afuate kanuni za kituo, atoe maelezo ya kweli kuhusu afya yake, ashirikiane na wahudumu na kuwaheshimu. Muuguzi aliye peke yake mbele ya foleni ndefu hastahili kutukanwa kwa sababu ya dawa ambazo hazikununuliwa na kaunti.

Ni muhimu pia kutenganisha kasoro ya mtu na kasoro ya mfumo. Muuguzi akimfokea mgonjwa, hilo ni suala la nidhamu. Dawa zikikosekana kila mwisho wa mwezi, hilo ni suala la bajeti, na dawa yake ni kuhudhuria vikao vya umma vya bajeti ya kaunti.

Mfano wa kigeni

Nchini Uingereza, kikundi cha kwanza cha wagonjwa kushirikiana na kliniki ya daktari wa familia kilianzishwa 1972. Tangu Aprili 2015, mikataba ya kliniki hizo katika eneo la England inazitaka ziwe na vikundi kama hivyo.

Vikundi hivyo hujadili saa za kufungua, jinsi ya kupata miadi, na matangazo kwa wagonjwa. Changamoto yao inafanana na ya humu nchini: wenye nafasi ya kuhudhuria vikao mara nyingi si wale wenye shida kubwa zaidi. Mama mwenye mtoto mgongoni na kijana wa kibarua huachwa nje, wasipotafutwa makusudi.

Maswali ya kuanzia

Mkazi anayetaka kushiriki anaweza kuanza kwa maswali machache. Wanakamati ni akina nani, na muhula wao unakwisha lini? Kituo kilipokea pesa ngapi katika miezi 3 iliyopita, na zilitumiwa vipi? Ni dawa gani zilikosekana, na ziliagizwa lini? Mabadiliko ya saa na siku za kliniki hutangazwa kwa njia gani?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akiuliza maswali hayo huweza kuonekana mchokozi. Wakazi 20 wakiyauliza katika baraza, msimamizi na kamati watalazimika kuja na majibu.