Datsun 240Z

Datsun 240Z lilikuwa gari la michezo la milango miwili lililotengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani. Lilianza kuuzwa mwaka 1969. Nchini Japani liliitwa Fairlady Z. Katika Afrika ya Mashariki linakumbukwa kwa kushinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, wakati ambapo magari ya Japani yalikuwa bado yanatafuta jina.

Muundo

Injini yake ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, zenye jumla ya sentimita za ujazo 2,393. Ilitokana na injini ya silinda nne ya Datsun Bluebird 1600, gari la kawaida la familia: vipimo vya kila silinda vilikuwa vilevile, ila ziliongezwa silinda mbili. Kila gurudumu lilikuwa na springi yake ya kujitegemea, jambo lililosaidia kwenye barabara zenye mashimo.

Ushindi katika Safari Rally

Safari Rally ilianzishwa mwaka 1953 na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanzania. Ilifanyika wakati wa Pasaka, katika majira ya masika, kwenye njia ya zaidi ya kilomita 5,000 yenye vumbi, mawe na matope. Katika miaka ya 1960 gari lililoheshimiwa zaidi lilikuwa Peugeot 404 ya Ufaransa, iliyoshinda mara nne. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, iliendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun Bluebird. Mwaka 1971 walishinda tena, safari hii kwa 240Z. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun. Mehta alitangazwa mshindi kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu.

Athari kwa sifa ya magari ya Japani

Ni watu wachache walioweza kununua 240Z. Mkulima au mfanyabiashara wa Iringa au Mbeya, ambako njia za vijijini huharibika wakati wa masika, alihitaji pikapu ya kubebea mizigo. Ushindi ulimfahamisha jina la Datsun. Pikapu yenyewe ndiyo iliyomthibitishia kwamba jina hilo linaaminika.

Kwa hiyo gari la michezo peke yake halitoshi kueleza mabadiliko hayo. Bei nafuu na upatikanaji wa vipuri vilichangia, pamoja na ukweli kwamba Japani, kama Afrika ya Mashariki, huendesha upande wa kushoto na magari yake huwa na usukani kulia. Kwa upande mwingine, Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 na 1978 bila kushinda, wala sifa ya magari ya Ujerumani haikushuka.

Kuanzia mwaka 1981 Nissan ilianza kuliondoa jina la Datsun sokoni na kutumia jina lake yenyewe.